Mikutano, hakathoni na maonyesho ya ajira: mwongozo kwa mwanachuo wa kompyuta

Mwaka wa pili wa chuo nilihudhuria mikutano tisa ya teknolojia. Nilirudi hosteli na fulana nne, kalamu lukuki na stika za kutosha kufunika laptopu nzima mpaka kwenye skrubu za chini. Ulipofika msimu wa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi, sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu. Mwaka uliofuata nilikwenda mitatu tu. Katika mmojawapo nilikaa mezani kuandikisha wageni na kukimbizana na ekstenshoni kila projekta ilipozima. Aliyenisaidia kupata kazi yangu ya kwanza nilikutana naye pale, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza natafuta soketi.

Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia zaidi siku za kabla na za baada ya tukio kuliko tukio lenyewe. Nimeuandika nikimfikiria mwanafunzi wa Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko ninakokujua: tawi la Kijitonyama la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT pale Bibi Titi, IFM, Ardhi. Wa Dodoma, Mbeya, Arusha au Zanzibar atabadilisha majina ya vituo vya daladala, mengine atayatumia hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Jua unafuata nini

Mwaka wa kwanza tafuta watu wanaopenda kitu unachokipenda, basi. Maonyesho ya ajira ya mwaka huo yatakutia presha bure. Mwaka wa pili tafuta fildi. Mwaka wa mwisho tafuta kazi, au mtu atakayekubali kuutazama mradi wako wa kuhitimu mara moja kwa mwezi na kukwambia ukweli.

Andika lengo moja kwenye karatasi kabla ya kila tukio. Ukijikuta umeandika "kupata uzoefu na kujenga mtandao", futa uanze upya. Hayo ni maneno ya kwenye bango. Lengo linakuwa hivi: nimpate mtu mmoja wa kampuni ya malipo anieleze wanavyochagua wanafunzi wa fildi na wanaanza kupokea barua mwezi gani.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya mwaka mzima

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, nami nitakaa hapa kidogo. Tangazo la tukio hukufikia likiwa limebakiza siku mbili, limepita makundi saba ya WhatsApp, na kiungo cha kujiandikisha kimeshafungwa. Lakini matukio makubwa hurudi majira yale yale kila mwaka. Anayejua majira hangoji tangazo, yeye huenda kulitafuta.

Chukua karatasi ya miezi 12. Kwanza weka ya chuo: wiki za majaribio, mitihani ya mwisho wa muhula, tarehe za fildi. Halafu weka haya.

Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa DevFest, mikutano ya vikundi vya Google Developer Groups inayofanyika miji mingi duniani, hapa nchini ikiwemo. Vyuoni kuna tawi lake, Google Developer Groups on Campus, ambalo zamani lilikuwa na jina lingine. Uliza chuoni kwenu kama lipo hai. Oktoba pia ndiyo mwezi wa Hacktoberfest, ambapo watu wanahimizwa kuchangia programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuuboresha. Na Tume ya TEHAMA huandaa kongamano lake la mwaka, mara nyingi Oktoba hiyo hiyo. Lile ni la suti na wakurugenzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasinzia, ila wa mwaka wa mwisho atawaona ana kwa ana watu ambao barua zake za maombi zitatua mezani kwao.

Mwishoni mwa Januari kuna Global Game Jam kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta. Kati ya Januari na Februari Outreachy, mafunzo ya kulipwa ya kuchangia programu huria, hufungua dirisha la maombi ya awamu inayoanza Mei. Dirisha la pili, la awamu ya Desemba, hufunguliwa kwenye Agosti. Februari Google Summer of Code, ya namna hiyo hiyo, hutangaza taasisi zitakazoshiriki, na maombi hupokelewa Machi hadi Aprili. Haya mawili si mikutano, ila nayaweka kwenye kalenda moja na mikutano kwa sababu yanahitaji watu wanaokufahamu, na mengi huko hutegemea jamii za programu huria. Nitayarudia.

Aprili, Alhamisi ya nne, ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA. Hapa kwetu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hushughulika nayo sana. Mwezi huo au Mei huwa kuna Wiki ya Ubunifu, ambayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ina mkono wake. Ongeza MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Fuatilia tangazo la kila mwaka, kwa maana usajili hutangulia fainali kwa muda mrefu.

Julai, Sabasaba. Najua, unaona kama ni mahali pa kununua mabeseni na kula mishikaki. Lakini katika viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa utakuta mabanda ya benki, kampuni za simu, taasisi za serikali na vyuo, mengi yakiwa na ofisa wa TEHAMA ameketi nyuma akichoka. Nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumamosi. Huyo ofisa atafurahi kupata mtu wa kuongea naye jambo lisilokuwa zawadi ya kofia.

Agosti na Septemba ni miezi ya mikutano mikubwa ya Afrika, nayo nitaigusa mbele. Jumamosi ya tatu ya Septemba ni Siku ya Programu Huria, ndogo, inayopendeza.

Ukimaliza, tazama mahali kalenda mbili zinapogongana. Tukio linaloangukia wiki ya mitihani, lifute kabla halijakushawishi. Kuna kijana aliyeshinda hakathoni, yale mashindano ya siku chache ya kutengeneza programu, akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, wiki hiyo hiyo. Zawadi iliisha kabla ya matokeo ya sapu kutoka.

Hatua ya 3: Kaa mahali habari zinapopita

Mbao za matangazo za idara bado zinafanya kazi; barua za waajiri huishia pale na hakuna anayezisoma. Pita pia jengo la COSTECH pale Sayansi, ambamo imo Buni, kitovu cha ubunifu ambacho kimepokea mikutano mingi ya vijana. Kutoka tawi la Kijitonyama ni mwendo wa miguu. Jiunge na makundi ya WhatsApp au Telegram, lakini mawili au matatu, siyo ishirini. Kundi lenye watu elfu moja ni soko la matangazo ya mikopo. Lenye watu sitini wanaotumia lugha ya programu ya Python kila wiki ndilo utakalojibiwa swali.

Tangazo lolote la ajira au usaili linalotaka utume pesa kwanza, iwe ya fomu, ya sare au ya "kuhifadhi nafasi", achana nalo, hata likiwa na nembo unayoijua. Nembo hunakiliwa kwa dakika moja. Wewe unasoma kompyuta, usiwe wa kwanza kuliwa.

Hatua ya 4: Chuja

Si kila tukio linastahili nauli yako. Mimi hujiuliza maswali machache. Nani anazungumza: mtu anayetengeneza kitu, au mtu anayezungumzia watu wanaotengeneza? Nitagusa kibodi? Watu watakuwa wangapi? Chini ya hamsini ni bora kwa mtu mwenye aibu kama nilivyokuwa mimi, kwa kuwa huwezi kujificha. Na je, nitarudije? Tukio linaloisha saa tatu usiku Masaki na wewe unakaa Mbezi Mwisho lina gharama ambayo haikuandikwa kwenye bango. Dada, kubaliana na wenzako wawili mapema muondoke pamoja, na waandaaji wakikosa jibu la swali la usafiri, hilo nalo ni jibu.

Ratiba ikiwa na hotuba sita za ufunguzi kabla ya chai, mimi nabaki nyumbani naandika programu.

Hatua ya 5: Uwe na kitu cha kuonyesha

Kitu kimoja kinachofanya kazi kina uzito kuliko kurasa tatu za wasifu. Na kiwe chako, kimetoka kwenye tatizo unalolijua. Programu ya kuorodhesha kazi za kufanya kila mtu anayo, maana kila somo la mtandaoni huanza nayo.

Yangu ilikuwa ya kikoba. Mama mdogo alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama thelathini na kitu, akitunza hesabu kwenye daftari la mraba na meseji za M-Pesa. Kila Jumapili walikaa saa nzima wakibishana nani kalipa hisa na nani bado. Nikatengeneza programu inayosoma zile meseji na kuandika hisa kwenye jedwali. Haikuwa nzuri kutazama, rangi zake zilitisha. Lakini kila niliyemwonyesha aliuliza swali, kwa sababu kila mtu ana mama au shangazi mwenye kikoba. Na ilikuwa na kasoro moja iliyonikosesha usingizi: meseji ikisomwa mara mbili, mwanachama alihesabiwa kalipa mara mbili. Ile kasoro ndiyo iliyonipa cha kuuliza, nami nitaeleza hapo chini.

Iandae kazi yako namna hii. Iweke kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kazi za programu, na juu kabisa andika mistari mitano: ni nini, ni ya nani, inaendeshwaje, nini hakijakamilika, umejifunza nini. Ondoa nywila na funguo za siri kabla ya kuipandisha, na taarifa za watu halisi pia: majina na namba za simu za wanakikoba si zako kuzianika, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tumia data za kubuni. Halafu hakikisha inafanya kazi bila intaneti. Wi-Fi ya ukumbini ni ya watu mia tatu, na bando lako litakatika ukiwa katikati ya sentensi. Rekodi video ya dakika moja na nusu ya programu ikifanya kazi, iweke kwenye simu. Video hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko programu yenyewe.

Jizoeze kuieleza kwa sekunde arobaini, kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiyesoma kompyuta, kisha kwa Kiingereza. Jukwaani wataongea Kiingereza, lakini kwenye korido watu huongea Kiswahili, na korido ndiko mambo yanakofanyika. Nimeona wanafunzi hodari waliokariri maelezo ya Kiingereza wakakwama walipoulizwa kwa Kiswahili, "Sasa hii inamsaidia nani?"

Wasifu uwe ukurasa mmoja, faili la PDF lenye jina lako kamili. Majina kama "wasifu mpya wa mwisho kabisa 3" tuyaache kwenye laptopu zetu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwanza hakikisha saa. Bango likisema saa 8:00 kwa hesabu ya Kizungu ni saa mbili asubuhi, likisema "saa 8" kwa Kiswahili ni mchana. Mabango yetu huchanganya yote mawili katika mstari mmoja. Piga simu uulize "asubuhi au mchana?" na usione haya, nilishawahi kufika nikakuta viti vinakunjwa.

Wahi nusu saa. Wakati huo ukumbi una waandaaji, fundi wa spika na wazungumzaji wawili wenye wasiwasi, na wote wanaongeleka. Hata mzungumzaji mkubwa, dakika ishirini kabla ya kupanda jukwaani, ni mtu anayetafuta waya wa kuunganisha projekta. Ukiwa nao, umeshafahamika.

Kuhusu salamu, kuna vijana wanaodhani mambo ya teknolojia yameifuta shikamoo. Hayajaifuta. Mkurugenzi wa TEHAMA mwenye umri wa mama yako msalimie shikamoo, aitikie marahaba, halafu nyoosha mgongo uende moja kwa moja kwenye jambo lako. Kosa ni kuendelea kunong'ona huku umeinamisha kichwa mpaka mwisho. Kwa rika lako "mambo" inatosha. Ukiwa huna hakika ya umri, "habari za asubuhi" haijawahi kumkosea mtu.

Uliza swali moja, fupi, lenye kazi yako ndani yake. Mimi nilimuuliza mhandisi mmoja aliyetoka kuzungumzia mifumo ya malipo: "Meseji moja ya malipo ikifika mara mbili, nyinyi mnazuiaje mteja asihesabiwe mara mbili?" Alicheka, akasema hilo tatizo limewahi kumkosesha usingizi na yeye. Kisha akaeleza: hifadhi kwanza namba ya muamala, iwe ya kipekee kwenye jedwali, na ukikuta ipo tayari usiguse salio. Dakika mbili tu. Tulikuwa foleni ya chakula.

Foleni ya chakula ni mahali pazuri kuliko ukumbi. Usipange sahani mpaka ikawa mlima. Utashindwa kusimama na kuongea, na ukikaa utakaa na wenzako mliokuja nao. Hilo la kukaa na wenzako ndilo linaloharibu siku za wengi. Mje pamoja, mrudi pamoja, humo ndani mtawanyike.

Andika jina, kazi na jambo mliloongea mara tu mnapoachana. Simu yako itajaa "Juma Mkutano" na "Neema IT" na baada ya wiki hutajua yupi ni yupi.

Kama ni hakathoni au mashindano

Hakathoni ni mnyama mwingine. Tafuta kundi kabla ya siku: mtu mmoja wa nyuma ya pazia, yaani wa data na seva, mmoja wa muonekano, na mmoja anayejua tatizo lenyewe, mathalani mwanafunzi wa kilimo kama mada ni kilimo. Wanafunzi watatu wa kompyuta peke yao hutengeneza programu safi isiyo na mtumiaji. Saa nne za kwanza msiandike kitu, piganeni juu ya nini mtakiacha. Mlale, hata kwa muda wa saa tatu. Majaji wanaona macho. Na someni masharti kuhusu nani atamiliki wazo na programu baada ya mashindano. Nimeona waandaaji walioandika, kwa herufi ndogo, kwamba kila kitakachotengenezwa ni chao. Msipokubali, ondokeni mapema kwa adabu.

ICPC, mashindano ya kimataifa ya programu kwa wanavyuo, ni tofauti kabisa: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, maswali ya hesabu na mantiki. Hakuna jaji wa kumshawishi. Kompyuta yenyewe huamua kama jibu ni sahihi. Maandalizi yake ni kukaa kila Jumamosi na wenzako wawili wale wale, na kujifunza hasa nani ashike kibodi na nani akae na karatasi. Hata kama hamtafika mbali, usaili wa kampuni nyingi za nje umejengwa juu ya maswali ya aina hiyo hiyo.

Maonyesho ya ajira na fildi

Beba barua ya utambulisho ya idara, nakala kadhaa, ikiwa na tarehe kamili za kuanza na kumaliza. Usiulize "mna nafasi?" kwa kuwa jibu rahisi la swali hilo ni hapana. Uliza timu yao inatumia lugha gani ya programu, mwanafunzi wa fildi wa mwaka jana alifanya nini, na nani atakusaini kitabu cha kumbukumbu. Ukijibiwa kwamba mwanafunzi wa mwaka jana alikuwa akitoa fotokopi, umeokoa likizo yako nzima.

Ajira za serikali hazitolewi kwenye banda. Zinapita Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na mtu anayekuahidi njia nyingine muache hapo hapo.

Hatua ya 7: Fanya kazi ndani ya jamii

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Mhudhuriaji anaonekana mara moja, lakini anayebeba viti anaonekana kabla, wakati na baada. Waandikie waandaaji wiki tatu mapema, useme unachoweza: kupiga picha, kuandikisha, kutunza muda, kufungua ukumbi. Usiseme "naweza kusaidia chochote", unawapa kazi ya kukufikiria.

Kuna jamii ambazo kazi yenyewe ndiyo mkutano. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa vyuo, wa Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo, wakapita mitaa ya kata zinazofurika maji wakichora mifereji, nyumba na njia kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Uchoraji ramani haudai laptopu ya bei, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mlango mpana. Vivyo hivyo Common Voice ya Mozilla: unasoma sentensi za Kiswahili kwa sauti au unasikiliza na kuhakiki za wengine, kwa simu, ukiwa umelala kitandani. Sauti hizo hutumika kufundisha mashine kuelewa Kiswahili. Na si mambo mapya kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ikiongea Kiswahili. Wengi waliozaliwa mwaka ule sasa wako chuoni na hawajawahi kuisikia.

Wanawake wana milango ya ziada, na waitumie bila kuomba radhi. Warsha za Django Girls, zilizoanza Berlin mwaka 2014, ni za bure na humchukua mtu asiyejua kitu mpaka akapandisha tovuti yake. Ukishahitimu kama mwanafunzi, rudi kama mkufunzi msaidizi. Huko ndiko utakakojua kweli kama ulielewa.

Sasa zile programu mbili nilizoahidi kuzirudia. Google Summer of Code, iliyoanza 2005, na Outreachy zote hulipa, kwa kazi ya miezi kadhaa kutoka nyumbani. Outreachy hutoa dola 7,000 kwa miezi mitatu, na hukagua kalenda ya chuo chako kabla ya kukukubali, kwa hiyo kuwa nayo mkononi. Wanaochaguliwa kwa kawaida ni watu ambao wasimamizi wa mradi wameshaona kazi yao. Ukingoja mpaka dirisha la maombi lifunguliwe ndipo ujitambulishe, umechelewa kwa miezi mitatu. Anza na kusahihisha maelezo yaliyokosewa, kisha kasoro ndogo, kisha kubwa.

Hatua ya 8: Mikutano ya kuvuka mpaka

Usidhani ni ya wenye pesa. Deep Learning Indaba, inayokusanya watu wa akili unde barani, ilianzia Johannesburg 2017, ikafika Nairobi 2019 na Kigali 2025. PyCon Africa, ya watumiaji wa Python, ilianza Accra 2019. DjangoCon Africa, ya watumiaji wa Django, zana ya kutengeneza tovuti kwa Python, ya kwanza ilikuwa Zanzibar, Novemba 2023, na ya 2025 ikaja Arusha; yaani safari ya boti au ya basi. Yote haya hutoa ufadhili wa safari kwa baadhi ya waombaji, na maombi hufungwa miezi mingi kabla.

Fomu ya ufadhili ina swali kwa nini wewe. Jibu kwa kazi: nimefanya hiki, nimekwama hapa, nikirudi nitafundisha hiki kwa kikundi hiki. Bora zaidi, omba kuzungumza. Mada ya "Nilivyosoma meseji za M-Pesa za kikoba na nikakosea mara nne" ingenivuta mimi kuliko utangulizi wowote wa akili unde. Uliza mapema kama ufadhili hulipwa kabla au unarudishiwa baada ya kutumia fedha zako. Kurudishiwa hakumsaidii anayengoja bumu, fedha za mkopo wa chuo, lakini waandaaji wengi hukununulia tiketi wenyewe ukiwaeleza.

Pasipoti ombeni sasa, siyo mkishakubaliwa. Kuingia Kenya, Uganda, Rwanda au Afrika Kusini Mtanzania hahitaji viza kwa ziara fupi kama hizi, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti muda wote.

Hatua ya 9: Siku mbili baada ya tukio

Andika ujumbe kabla ya saa 48. Baadaye utakuwa jina tu. Huu ndio niliomtumia yule mhandisi, karibu neno kwa neno:

"Habari za asubuhi. Mimi ni mwanafunzi tuliyeongea Jumamosi kwenye foleni ya chakula kuhusu meseji za malipo zinazojirudia. Nimefanya ulivyonielekeza, nimeifanya namba ya muamala iwe ya kipekee, na marudio yamekoma. Kiungo cha kazi nimekiweka hapa chini. Nina swali moja: meseji ikifutwa kwenye simu kabla ya kusomwa, ninyi mngefanyaje? Ukiwa na nafasi nitashukuru. Asante."

Sikuomba kazi. Alijibu baada ya siku tatu, swali likazaa swali, na mwezi wa nne yeye ndiye aliyeniuliza fildi naanza lini. Wengine kumi na mmoja niliowaandikia baada ya matukio mengine hawakujibu. Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha acha.

Hatua ya 10: Ulipo hakuna kitu? Anzisha

Wanafunzi wa mikoani huniambia matukio yote yako Dar es Salaam. Kuna ukweli, japo chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) peke yake kina wanafunzi wa kujaza kumbi kadhaa. Mkutano hauhitaji mdhamini. Unahitaji chumba chenye umeme, Jumamosi moja, saa mbili, na watu wawili waliokubali kuonyesha walichotengeneza. Andika barua kwa mkuu wa idara wiki mbili kabla, utaje mwalimu mmoja aliyekubali kuwa mlezi. Chai kila mtu ajilipie. Mgeni usimwite kutoka mbali, muite ofisa wa TEHAMA wa benki au hospitali ya mkoa, mtu ambaye hajawahi kualikwa popote na ana visa vya kukesha mnatoa macho. Tangaza tarehe ya mkutano wa pili kabla watu hawajasimama. Panga viti, futa ubao, na ufunguo umrudishie mlinzi kwa mkono wako jioni ile ile, kwani ndiye atakayekufungulia mwezi ujao.